Bomba la Shukurani

Msiniulize nchi hii iko wapi. Ukitoka kwenu kuitafuta utaifikia, na ukirudi nyumbani utaikuta imekutangulia. Mimi nasimulia kwa nia njema tu, na kila aliyemo humu ni mtu mwema, kuanzia wakubwa mpaka hao wengine.

Katika nchi hiyo hakuna aliyekatazwa kulalamika. Hilo liwe wazi mapema, maana wako wasioitakia mema nchi hiyo wanaosema vingine. Katiba yao inamruhusu kila raia alalamike mpaka achoke mwenyewe. Kinachotakiwa ni adabu kidogo tu: atangulize shukurani. Na shukurani zipangwe vizuri, zianzie kwa Mkuu wa Nchi, zishuke kwa mawaziri, kwa wakuu wa miji, kwa wasaidizi wao, na kwa madereva wao waliowafikisha salama. Kisha mlalamikaji ataje jambo moja ambalo serikali imelifanya mtaani kwake, jambo la kuonekana kwa macho, alishukuru hilo kwa kirefu. Akishamaliza ndipo anaporuhusiwa kusema "hata hivyo", na baada ya "hata hivyo" anaweza kumwaga shida zake zote.

Hata ofisi zilijengwa kwa kufuata utaratibu huo. Idara ya Kupokea Shukurani ilikuwa na ukumbi wenye zulia na feni. Idara ya Kupokea Malalamiko ilikuwa nyuma yake, na mlango wake wa pekee ulifungukia ndani ya ukumbi ule, nyuma ya kabati la vikombe. Inasemekana kuna ofisa mle ndani, mchapakazi sana, ila bado hajapata mteja.

Sasa, katika mji mkuu wa nchi hiyo kulikuwa na mtaa ulioitwa Tulizana. Mtaa ulikuwa bondeni, na juu yake, kilimani, serikali ilijenga Jumba la Wageni Watukufu. Jumba lile lilikuwa na vyoo vingi kuliko vyumba, maana mgeni mtukufu hasubirishwi. Majitaka yake yalipangiwa kwenda mbali, nje kabisa ya mji, lakini mhandisi alipofika Tulizana karatasi ya mchoro ilimwishia. Akaomba karatasi nyingine. Wakati ombi lake linajadiliwa, bomba likaishia palepale mchoro ulipoishia, mbele ya mlango wa Bi. Sikudhani.

Bi. Sikudhani alikuwa mjane, mpika vitumbua, na aliishi na mama yake, Bi. Mize, kikongwe aliyepooza kuanzia kiunoni. Ukimwinua Bi. Mize hatua mbili tu alilia kwa maumivu, kwa hiyo hakuna aliyemwinua. Wageni walipojaa kilimani, uchafu ulishuka, ukaingia sebuleni, ukaingia chumbani. Bi. Sikudhani akainua kitanda cha mama yake kwa matofali. Ulipofanyika mkutano wa kimataifa kuhusu usafi akaongeza matofali mengine. Ikafika hatua watu wa Tulizana wakawa wanaijua hadhi ya mgeni aliyelala kilimani kwa kutazama kimo cha kitanda cha Bi. Mize. Vitumbua navyo havikununuliwa tena, maana nani atakula kitumbua pale?

Kwa bahati nzuri Tulizana ilikuwa na chama chake, Umoja wa Kutetea Wakazi, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Shadadi Mkumbwa. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya wakazi kusoma, na nusu nyingine kunyamaza. Alikuwa na sauti nzito, tamu, inayotoka tumboni. Harusini ndiye aliyetoa neno la shukurani, na akiinuka yeye wapishi walifunika pilau upya. Yeye mwenyewe aliamini kwamba sauti ile ni amana aliyopewa na Mungu kwa ajili ya wanyonge. Aliamini kwa dhati, na ndiyo maana kisa hiki kinaniwia kizito kukisimulia.

Umoja ulikutana uani kwa katibu wake, Bwana Pazi, kuamua malalamiko yapelekwe vipi kwa Mkuu wa Mji. Lililowashinda halikuwa malalamiko. Lililowashinda lilikuwa shukurani.

"Tutashukuru nini?" aliuliza Katibu Pazi. "Kanuni inataka kitu cha kuonekana kwa macho."

Wakatafuta. Mmoja akakumbuka nguzo ya taa, lakini nguzo ile ililetwa wakati wa kampeni, ikapigwa picha, ikapelekwa mtaa wa pili kupigwa picha nyingine. Mwingine akakumbuka kibao kilichosema ZAHANATI ITAJENGWA HAPA, lakini kibao kililiwa na mchwa, na mchwa hawakuwa mradi wa serikali. Wakaulizana habari za barabara, za shule, za kisima. Mwisho wakanyamaza, na pua zao zikawaelekeza wote upande mmoja.

"Bomba," akasema Mwenyekiti Shadadi.

Bi. Sikudhani alikuwa ameketi nyuma, juu ya ndoo aliyoifudikiza. "Mwenyekiti, tukalishukuru hilohilo linalotuua?"

"Ndio utaratibu, Bi. Sikudhani. Tunalishukuru kwanza. Wakishalainika, tunawageuzia. Wewe subiri 'hata hivyo' yangu."

"Mimi ningeomba niseme mwenyewe, mwalimu. Sina maneno mengi. Nitawaambia mama yangu analala juu ya matofali, basi."

"Hawatakuelewa. Wale wana lugha yao. Niachie mimi."

Akamwachia. Watu wote wa Tulizana walimwachia, wakarudi makwao wakiwa wepesi, kama mtu aliyetua mzigo kwenye kichwa cha mwenzake.

Mwenyekiti alijiandaa kwa bidii. Alisimama mbele ya kioo cha kabati, akazipanga shukurani zake kwa daraja, akaonja kila neno, akabadilisha matamu kwa matamu zaidi. Mkewe, Mama Rukia, alimsikiliza akichambua mchele. Mwisho akamwuliza mbona sehemu ya shida haifanyii mazoezi.

"Ile inajulikana," akajibu Mwenyekiti. "Ile itakuja yenyewe."

Mkuu wa Mji aliitwa Mheshimiwa Luhende Bakuza. Aliwapokea wajumbe katika ukumbi ule wenye zulia, akamwamuru Mkuu wa Itifaki awape soda. Wajumbe walikaa kwenye mabenchi. Mwenyekiti Shadadi alipewa kiti chenye mikono, kilichofunikwa kitambaa cha kufumwa. Maishani mwake hakuwahi kukalia kiti kilichompokea mgongo namna ile, na kabla hajafungua kinywa alikwisha kukipenda.

Aliposimama, alizishusha shukurani kutoka juu mpaka kwa madereva bila kujikwaa. Kisha akafika kwenye bomba.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti ikajaa ukumbi, "bomba hili si bomba tu. Ni mkono. Ni mkono wa serikali ulioteremka kutoka kilimani ukaja bondeni kutushika sisi wanyonge. Mitaa mingine husikia habari za wakubwa redioni. Sisi, Mheshimiwa, yatokayo kwa wakubwa yanatufikia wenyewe, mlangoni, moja kwa moja, bila dalali. Mgeni wa taifa akija, sisi ndio wa kwanza kupata habari zake. Nani mwingine katika nchi hii aliyewekwa karibu na uongozi kiasi hicho?"

Wajumbe walitazamana. Lakini maneno yalikuwa mazuri, na ni vigumu kuyakasirikia maneno mazuri yanapotamkwa na mtu wenu. Baadhi wakajikuta wanatikisa vichwa. Katibu Pazi akapiga makofi kabla hajakumbuka linalozungumzwa ni nini.

Mheshimiwa Luhende Bakuza alikuwa analia. Alitoa leso, akajifuta, akasema kwa sauti iliyokatika, "Nimejenga mabomba maisha yangu yote. Watu wanashukuru barabara. Wanashukuru madaraja. Bomba halina mtu. Bomba ni yatima. Leo ndiyo mara ya kwanza." Akashindwa kuendelea. Mkuu wa Itifaki naye akalia, kwa cheo chake, yaani kidogo zaidi.

Feni ikazunguka. Kisha Mheshimiwa akauliza, kwa upole wa kweli, "Kuna jingine, Mwenyekiti?"

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu baadaye yalisemwa mengi: kwamba muda ulikuwa mfupi, kwamba Mheshimiwa alikuwa na safari, kwamba itifaki ilibana. Muda ulikuwapo. Aliulizwa. Kule nyuma Bi. Sikudhani alikuwa amejivuta mpaka ukingoni mwa benchi, na midomo yake ilikwisha kuanza kulitamka lile neno pamoja naye. Mwenyekiti alimwona. Alimwona vizuri kabisa. Kisha akayatazama macho ya Mheshimiwa, mekundu, yenye shukurani, na akausikia mkono wa kile kiti ukigusa paja lake. Kusema uchafu sasa, baada ya machozi yale, kungekuwa kama kutapika mezani kwa watu.

"La, Mheshimiwa," akasema. "Ni hayo tu."

Njiani kurudi, Katibu Pazi alisifu mkutano. Ujumbe ulipokelewa kwa machozi, alisema, na hilo lilikuwa kweli. Mwenyekiti naye akawaeleza wenzake kwamba leo wameweka msingi, na nyumba haianzwi kwa paa. Wakakubali. Bi. Sikudhani hakukubali wala hakukataa. Walipofika kwenye njia panda ya mtaa wao ndipo aliposema.

"Mwenyekiti, 'hata hivyo' yako ilikuwa wapi?"

"Nafasi haikuruhusu, Bi. Sikudhani."

"Alikuuliza."

Wajumbe wengine wakakumbuka kila mmoja ana shughuli yake, wakatawanyika.

Aibu ina tabia ya kutafuta mahali pa kujikoshea, na ya Mwenyekiti ilimpeleka nyumbani kwa Bi. Mize. Kesho yake asubuhi alipandisha suruali, akakanyaga mawe yaliyopangwa juu ya uchafu, jiwe moja likamsaliti akalowa mpaka kwenye ugoko, akaingia. Kikongwe alikuwa juu kule, karibu na bati, ameshikilia ukingo wa kitanda. Ilibidi Mwenyekiti ainue uso kumsalimu, kama mtu anayeongea na aliye juu ya ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu Shadadi. Sikudhani kaniambia mlikwenda kwa wakubwa."

"Tulikwenda, mama."

"Ukawaambia?"

Bi. Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji machafu mikononi. Mwenyekiti alijua yuko pale.

"Niliwaambia," akasema.

"Wakasemaje?"

"Walilia, mama."

Bi. Mize akafumba macho kwa raha. "Mungu mkubwa. Mtu akishalia juu yako hawezi tena kukutupa. Umefanya kazi, mwanangu."

Mwenyekiti alitamani Bi. Sikudhani amsute. Alingoja asikie beseni likitupwa chini, asikie sauti ikimwita mwongo mbele ya mama yake. Bi. Sikudhani alipita kimya, akamwaga maji nje, akarudi kuchota mengine. Mzee wa watu akaaga. Ardhi ingepasuka siku ile angeingia kwa miguu yake mwenyewe, bila kusukumwa, lakini ardhi ya pale ilikuwa imeshiba majitaka na haikuwa na nafasi.

Serikali haikuchelewa. Nchi ile ina sifa hiyo, inapoguswa moyo haichelewi. Gari lenye vipaza sauti lilipita Tulizana likitangaza kwamba, kwa kuwa wakazi wameonyesha mapenzi makubwa kwa bomba lao, Mheshimiwa ameamua kuwapa la pili. Karatasi ya mchoro iliyoombwa na mhandisi ilikuwa imepatikana. Mhandisi alichora bomba jipya, nene kuliko la kwanza, likusanye majitaka ya Jumba la Wageni na ya Ukumbi wa Mikutano na ya Klabu ya Maofisa, na karatasi ikambakia ya kutosha kufika nje ya mji. Akashauri hata hivyo liishie Tulizana, kwa kuwa wenyeji wa pale wamekwisha kuzoea na wanashukuru. Likipitishwa mtaa mwingine, wakazi wa huko wangeweza kulalamika.

Umoja ulikutana tena uani kwa Pazi. Watu walimtazama Mwenyekiti, naye akawatazama. Hakuna aliyesema wewe ndiye uliyetuletea. Walikuwa wamepiga makofi, na mtu aliyepiga makofi mdomo wake huwa mzito. Ikaamuliwa kwamba siku ya uzinduzi Mwenyekiti atapewa nafasi ya kusema, na safari hii atasema.

Asubuhi ya siku hiyo alivaa kanzu yake nyeupe, akamwambia mkewe, "Leo nasema."

Mama Rukia alimfunga kifungo cha shingoni. "Sema, baba Rukia. Maana mimi sokoni sina tena pa kuweka macho."

Kulikuwa na maturubai, ngoma, na maua ya plastiki yaliyofungwa kwenye mdomo wa bomba. Bendera zilipandwa kuzunguka nyumba ya Bi. Sikudhani ili isionekane. Kitanda cha Bi. Mize kilikuwa kimeongezewa matofali kabla, kwa busara ya bintiye, na kikongwe mle ndani sasa aliweza kuligusa bati kwa mkono bila kujinyoosha. Mheshimiwa Luhende Bakuza alihutubia. Alisema mataifa mengine yana mafuta na almasi, lakini nchi hii ina Tulizana. Alisema mtu asiyeshukuru kwa bomba moja hastahili mawili. Kisha akamkaribisha Mwenyekiti, aliyemwita rafiki yake.

Mwenyekiti Shadadi alishika maikrofoni. Alizishusha shukurani upesi upesi, daraja kwa daraja, kama mtu anayeteremka ngazi nyumba inaungua. Akafika kwa madereva. Akalishukuru bomba kwa sentensi moja. Akavuta pumzi.

"Hata hivyo," akasema.

Vipaza sauti vikalichukua lile neno mpaka mwisho wa mtaa. Ngoma zikanyamaza. Mama mmoja akamziba mtoto mdomo. Wanaume aliowafundisha kusoma wakasimama kutoka kwenye viti vyao. Kule kati ya bendera, Bi. Sikudhani akajitokeza mlangoni na mikono yake yenye majimaji, akasimama.

Mkuu wa Itifaki aliinua nyusi. Mheshimiwa hakuinua chochote. Alikuwa anatabasamu, na mikononi mwake alikwisha kufungua kijisanduku chenye nishani, Nishani ya Shukurani ya Daraja la Pili, yenye utepe wa rangi ya dhahabu. Alikuwa anaitazama kwa furaha ya mtu anayempa mwenziwe zawadi aliyoichagua mwenyewe.

"Hata hivyo," akarudia Mwenyekiti, na ile sauti yake nzuri, amana ya wanyonge, ikajitafutia njia yenyewe kama ilivyozoea. "Hata hivyo, Mheshimiwa, maneno hayatoshi kushukuru."

Makofi yalianzia jukwaani. Kwa wakazi hayakufika. Nishani ikabandikwa kwenye kanzu. Kisha akaombwa, kwa heshima aliyoipata, afungue koki ya bomba kwa mkono wake. Koki ilikuwa mpya, ikazunguka bila shida. Chini ya ardhi ikasikika ngurumo inayoshuka kutoka kilimani, na Mwenyekiti akaendelea kuitazama ile koki, akaitazama kwa makini sana, kwa sababu kila mahali pengine palikuwa na mtu anayemjua.

Baada ya hapo nyumba ya Bi. Sikudhani haikukalika. Matofali hayakuweza tena kuongezwa kwa kuwa juu kulikuwa na bati. Ikabidi Bi. Mize apelekwe kwa mwanawe wa kiume, shamba, mbali, na kwa kuwa hainuki, ikabidi apelekwe na kitanda chake. Vijana wanne wa mtaa wakakibeba mabegani, wakapita barabarani mchana kweupe, na kila hatua kikongwe aliguna kwa maumivu. Walipofika mbele ya nyumba ya Mwenyekiti Shadadi, Bi. Sikudhani akawaomba wapumzike.

Mwenyekiti alikuwa amekaa barazani. Alitaka kuingia ndani, hakuinuka. Bi. Sikudhani akapanda baraza, akasimama mbele yake wima, mikono ameishusha, kama wanafunzi walivyokuwa wakisimama zamani mbele ya meza yake.

"Mwenyekiti," akasema, "kwanza namshukuru Mungu. Namshukuru Mkuu wa Nchi. Nawashukuru mawaziri, na Mheshimiwa Mkuu wa Mji, na wasaidizi wake, na madereva wao."

"Bi. Sikudhani, keti basi."

"Nakushukuru na wewe, Mwenyekiti. Ulitusemea mara mbili. Ulikuja kwangu ukalowa mguu, na wengine hawakuja. Ulimwambia mama yangu wakubwa wamelia, akapata usingizi siku ile, na alikuwa hajalala. Nakushukuru kwa usingizi ule."

Alisema bila kejeli, bila kupandisha sauti, kwa mpangilio uliokamilika. Barabarani, kutoka kitandani, Bi. Mize akapunga mkono wake mkavu. "Ndiye huyo, mwanangu Shadadi," akaita. "Mungu akulipe."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Alijua kinachofuata, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikitaka. Alikihitaji. Amtukane, amwite msaliti, amtemee mate mbele ya mtaa mzima, naye angeinuka akiwa na kitu cha kubeba. Akangoja. Bi. Sikudhani alinyamaza, na ukimya ukawa mrefu mpaka Mwenyekiti akashindwa kuuvumilia.

"Kuna jingine, Bi. Sikudhani?" akauliza, na sauti haikuwa nzuri.

"La, Mwenyekiti. Ni hayo tu."

Akashuka barazani. Vijana wakainua kitanda, Bi. Mize akaguna, wakaenda zao, na kwenye kona wakapotea.

Mwenyekiti akabaki palepale, uso ameuelekeza kwenye ile kona, mgongo umenyooka kama mtu aliye mkutanoni. Jua likahama kutoka ukutani. Mama Rukia akatoka kumwita chakula, akamkuta hajabadilisha mkao, akamwuliza anamngoja nani.

Akajibu kwamba hamngoji mtu, ila hataingia ndani kwanza, kuna neno bado halijasemwa.